Wapilili wa Shamba la Alizeti

Harufu ya alizeti inapokamuliwa haipigi hodi. Unapita zako karibu na mashine, una haraka zako, mara inakuingia puani, nzito, tamu kidogo, na moshi wa mashudu yaliyopata moto ndani yake, na hapo hapo unarudi kuwa mtoto wa darasa la pili mwenye vumbi hadi magotini. Hivi karibuni ilinikuta hivyo nikiwa na Baba kwenye bajaji. Tulikuwa tunakwenda Bagara kumwona mzazi aliyejifungua. Mimi nilikuwa nimepakata mfuko wenye sukari, sabuni na kitenge, na Baba amekaa wima ndani ya kanzu iliyopigwa pasi kama anakwenda kusikiliza hukumu. Dereva alipunguza mwendo kwenye tuta, harufu ikaingia. Nikaona kidole cha Baba kinagongagonga chuma cha bajaji. Nikajua sote wawili tuko Singe.

Tulikuwa na duka mjini Babati na shamba la alizeti Singe. Kazi yangu, nikitoka shule, ilikuwa kuwinga ndege. Nyie wa rika langu mnaijua kazi hiyo. Alizeti ikishaanza kuinamisha vichwa na mbegu zake kukaza, chiriku na njiwa hupeana taarifa, na mtoto anakabidhiwa kopo tupu na kijiti, anaambiwa apige mpaka jua litakapolegea. Mabua yalinizidi kimo mara mbili. Yana vinyweleo vinavyowasha mikono, na utomvu unaonata vidoleni hadi unaanza kula ugali wenye ladha ya shamba. Ndani ya shamba huoni kitu isipokuwa kijani na njano na kipande cha mbingu. Mimi nilikuwa mtoto wa maneno mengi, Mama alisema nilizaliwa katikati ya sentensi, na humo shambani sikuwa na mtu wa kumsemesha. Basi nikawaumba Wapilili.

Mwanzoni walikuwa kabila dogo tu. Walikuwa wembamba kama mabua, wanaishi chini ya alizeti, na huwaoni maana ukigeuka nao wanageuka. Sikuwa nimewapangia mengi zaidi ya hapo. Halafu siku moja nikapiga kopo langu, na kopo likajibiwa.

Nilidhani ni mwangwi. Nikapiga mara tatu, nikajibiwa mara tatu na moja ya nyongeza. Mwangwi haujui kuongeza. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba Wapilili wangu wamechoka kunyamaza. Nikapenya kati ya mabua hadi kwenye kijia kinachogawa shamba letu na la jirani, na hapo nikamkuta Paskalina, ameshika kopo la rangi lililotobolewa na kufungwa waya.

Paskalina nilimjua. Alikuwa ameletwa kutoka milimani upande wa Mbulu kuishi na bibi yake, na shuleni tulikaa dawati moja. Hakuwa akisema. Mwalimu akimuuliza alisimama, akatazama sakafu, akakaa. Wenzetu walishamcheka kwa Kiswahili chake mara alipojaribu, naye akaacha kujaribu. Mimi nilikuwa nimemsikia mara moja kwa bibi yake akimwaga Kiiraqw kama maji ya mfereji, nikaelewa kwa akili yangu kwamba watu wa milimani wana lugha ya kukaa nayo ndani, kama sisi tulivyokuwa na nguo za Idi, na kwamba si ya kuvaa ovyo ovyo.

Nikamweleza Wapilili wote nilionao, bila kupumua. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafikiri, akasema, "Hawana mdomo."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu, na nilishangaa kuliko kama kopo lingesema. "Sasa wanakulaje?" nikamuuliza.

"Jua," akasema, akanionyesha kwa kidole vile vichwa vya njano vilivyotazama upande mmoja vyote.

Nilijua hapo hapo kwamba kabila langu limepata mtu mwenye akili kuliko mimi, na nilifurahi mno. Kama hawana mdomo, basi wanasema kwa kugonga. Tukaanza kazi. Kitako cha kopo kilitoa sauti nene, ko. Ubavu ulitoa sauti nyembamba, te. Mapigo mawili ya haraka, popote yatakapoangukia, yalikuwa njoo. Kuburuza kijiti kuzunguka kopo lilikuwa swali. Tulikuwa na neno la ndege, neno la mvua, neno la mwalimu mkali, na neno la njaa ambalo tulilitumia kuliko yote. Mjini wakati huo Baba alikuwa na moja ya simu za kwanza mtaani, na akitaka mtandao anapanda juu ya kichuguu nyuma ya duka, anapaza sauti, "Haloo! Haloo!" hadi vocha inakwisha. Nilimwonea huruma. Sisi tulisikilizana shamba zima na hatukuishiwa salio.

Salamu ndiyo iliyotusumbua. Mnajua wenyewe kwamba kwetu huwezi kuanza kuzungumza bila kujua nani mkubwa, maana shikamoo lazima itoke kwa mmoja iende kwa mwingine, haiwezi kuning'inia hewani. Mimi nikasema ni mkubwa. Paskalina akakataa kwa kichwa. Hakuna aliyejua mwezi aliozaliwa mwenzake, na tukakaa kwenye kijia tumenuniana, kabila zima limekwama. Mwishowe yeye ndiye aliyelikwamua. "Wapilili," akasema polepole, akitafuta neno baada ya neno, "wanaamkia mgeni. Ambaye amekuja mwisho, huyo wanaamkia."

"Hata kama ni mtoto?"

"Hata mtoto. Yeye ametoka mbali."

Basi nikageukia kopo langu nikamwamkia, kwa sababu baina yetu mgeni alikuwa yeye. Mawili kwenye kitako, moja ubavuni: ko, ko, te. Paskalina aliweka kijiti chini, akajinyoosha gauni, akasimama kama mgeni rasmi. Kisha akaniitikia kwa kuigeuza: te, ko, ko. Uso wake ulifunguka wote. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Kuanzia siku hiyo kila nikifika shambani nilianza mimi, ko, ko, te, na yeye kutoka ndani ya mabua aliitikia taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu mzima anayeifurahia heshima yake. Leo ninaelewa kwamba mji mzima ulikuwa umemtazama, na hakuna aliyekuwa amemwanza kwa salamu.

Kulikuwa na neno moja ambalo halikugongwa kwenye kopo. Hapana, kwa Kipilili, ni kuweka kiganja ardhini, kimya. Hilo pia lilikuwa la Paskalina. Nilimlalamikia kwamba halisikiki ng'ambo. Akaniambia ndiyo, halisikiki. Ukitaka kumkatalia mtu, uende mpaka alipo. Niliona ni usumbufu mtupu, lakini sheria ikapita.

Sasa, Baba yangu. Baba aliamini kwamba dunia imeshikiliwa na vitu viwili, swala na salamu. Mtoto aliyeingia dukani bila kuamkia alirudishwa mlangoni aingie upya, awe wa nani awe wa nani. Na siku ninayoisema, dukani alikuwepo Baba Mkubwa, kaka yake, aliyekuja kututembelea kutoka Kondoa. Huyo ndiye aliyemlea Baba, na mbele yake Baba alikaa kwenye ncha ya kiti. Nilikuwa nyuma ya mizani nikipima dengu. Paskalina akaingia, ametumwa chumvi na bibi yake. Aliona wazee, akababaika, akasimama katikati.

Baba Mkubwa akakohoa kile kikohozi mnachokijua. Paskalina akatazama sakafu. Baba Mkubwa akamkumbusha, kama wazee wanavyotukumbusha: "Shikamoo?"

Na Paskalina, ambaye kwa majuma mengi alikuwa anaamkiwa kila siku na kuitikia, akajinyoosha gauni lake akajibu kwa upole wote, "Marahaba. Hujambo?"

Duka lililipuka. Mama mmoja aliyekuja kununua sabuni alicheka hadi akashika kaunta. Baba Mkubwa alibaki mdomo wazi. Baba alibadilika rangi. "Nani amekufundisha hivyo?" akamuuliza.

Paskalina hakujua kudanganya kwa lugha yoyote. "Rehema," akasema, akinitazama. "Kwa Wapilili, mgeni anaamkiwa."

"Wapilili ndio akina nani?" Baba akauliza.

Hapo likatokea jambo ambalo lingeweza kutokea Babati tu. Mji wetu una Wairaqw, Wagorowa, Warangi, Wambugwe, Wabarbaig na wengine wengi, na ukitajiwa kabila jipya hushangai, unaona tu ni wewe ulikuwa hujafika kwao. Baba Mkubwa akafunga mdomo, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika. "Wapilili nawajua," akasema. "Wako kule upande wa Hanang, nyuma ya mlima. Nimewauzia vitenge mimi. Watu wagumu sana, hawana salamu."

"Ndio wale wanaofuga nyuki?" akauliza mama wa sabuni, akifuta machozi.

"Hao hao," akasema Baba Mkubwa.

Dengu zilinimwagika. Mnielewe, nilikuwa mdogo, na Baba Mkubwa hakuwahi kukosea mbele yangu. Kama aliwauzia vitenge, basi wapo. Kumbe hatukuwaumba, tuliwapata tu, na tumeichukua lugha yao bila kuomba. Kwa siku kadhaa niliogopa kwamba watashuka kutoka Hanang, wembamba, bila midomo, wamejifunga vitenge vya Baba Mkubwa, waje dukani kuidai.

Lakini jambo baya halikuwa hilo. Wageni walipotoka Baba aliniita. "Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi," akaniambia, "na wewe umemkwaza mwenzio ulimi mbele ya watu. Basi. Kwenda shambani mwisho. Makopo mwisho. Utakaa hapa dukani nikuone." Nililia, nikasema Paskalina hana mwingine. Akaniambia ajifunze adabu kwanza, ndipo apate wengine.

Paskalina hakuonekana tena shuleni. Dawati langu likawa pana, na sikulipenda upana wake. Kisha bibi yake akaja dukani mwenyewe, mrefu, shuka begani, akanunua chumvi ileile, na Mama alipomuuliza habari za mjukuu, akasema, "Jumapili narudisha yeye mlimani. Mji imemkataa." Aliyasema bila hasira, kama unavyosema koti halikumtosha mtoto. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gunia la mchele, nikasikia kila neno.

Huku nyuma ndege walikuwa wanafaidi. Mimi nimefungiwa dukani, na alizeti haikusubiri malezi yangu yakamilike. Jumamosi asubuhi Baba alikwenda kuangalia, akarudi ameshika kichwa cha alizeti kilichobaki maganda. Akamwachia Mama duka. "Twende," akaniambia. "Utakaa chini, hutagusa chochote. Nitawinga mimi."

Baba alikuwa hajawinga ndege tangu ujana wake. Alivaa koti lake la dukani. Alichukua debe tupu la mafuta, akalining'iniza kwa kamba kwenye mti uliosimama katikati ya shamba, akakunja mikono ya koti, akapiga. Debe lilikuwa linajizungusha kwenye kamba, kwa hiyo fimbo iliangukia popote ilipopenda. Iliangukia kitakoni, ikaangukia kitakoni tena, debe likageuka, ikaangukia ubavuni. Ko, ko, te.

Niliziba mdomo kwa mikono miwili.

Chiriku wakaruka. Kisha kutoka ng'ambo ya kijia, dhaifu, kama mtu asiyeamini masikio yake: te, ko, ko.

Kicheko kilinitoka puani. "Unacheka nini?" akauliza Baba.

"Hamna, Baba."

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Debe halikuwa na haya, likasema yaleyale. Ng'ambo safari hii ikajibu bila kusita, taratibu, kwa heshima zote.

Baba akageuka. "Nani huyo anayenifuatisha?"

"Paskalina."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu, Baba. Anasema marahaba."

Fimbo ikabaki hewani. "Marahaba ya nani?"

"Yako. Umemwamkia."

Alilitazama lile debe kwa jicho la mtu aliyechongewa. "Mimi? Nimemwamkia mtoto wa darasa la pili?" Na kwa kukasirika akalichapa mara mbili harakaharaka, ambayo, kama mnakumbuka, ni njoo.

Tukasikia mabua yakipasuliwa njia. Akatokea, petali za njano zimemnasa kwenye nywele, anahema. Alipomwona Baba alisimama mbali kidogo. Akashusha pumzi, akaipanga midomo, akasema kwa sauti iliyofanyiwa mazoezi siku nyingi, "Shikamoo, Baba Rehema."

"Marahaba," akasema Baba. Hasira ilikuwa imemwishia njiani hata hakujua aiokote wapi. Akamtazama. "Nasikia kesho unarudi mlimani."

Paskalina akaitika kwa kichwa.

"Unataka kurudi?"

Paskalina alipiga magoti, akaweka kiganja chake ardhini. Akakiacha hapo.

"Amedondosha nini?" Baba akaniuliza.

"Hajadondosha kitu. Amesema hapana." Machozi yalikuwa yameshanifika. "Kwao hapana haisikiki kwa mbali, Baba. Mpaka uende kwa mtu."

Baba alikitazama kile kiganja muda mrefu. Chiriku walikuwa wamesharudi kwenye mstari wa tatu, na hakuwajali. Kisha akateremsha mikono ya koti lake, akafunga vifungo. "Nipelekeni kwa huyo bibi," akasema.

Tulimkuta bibi anapepeta maharage uani. Baba alimwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kigoda. Akasema amesikia habari za safari.

"Mtoto hii hapana sema," bibi akamweleza. "Shuleni kimya. Dukani alisema moja tu, watu nacheka."

"Walicheka dukani kwangu, Mama, na mimi ndiye mwenye duka. Nakuomba radhi kwa hilo." Sikuwahi kumsikia Baba akiomba radhi, nilimtazama kuhakikisha ni yeye. "Lakini kusema kwamba hasemi, hapana. Huyu mtoto anasema sana. Mimi mwenyewe nimetoka kuzungumza naye asubuhi hii hii."

Bibi akamtazama mjukuu wake, akatutazama sisi, akaona petali, akaona vumbi la kiganja. Alimuuliza kwa Kiiraqw jambo fupi. Paskalina akajibu jambo refu sana. Bibi akarudi kwenye ungo wake, akapuliza makapi, akasema, "Basi akae." Nilirukaruka uani mpaka kuku wakakimbia.

Tukiwa njiani kurudi Baba aliniuliza, "Sasa hawa Wapilili wenu na wale wa Baba Mkubwa ni kabila moja?" Nikamwambia kwa dhati kwamba nadhani ni koo mbili tofauti. Akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha tumbo, hadi akasimama kando ya barabara. Baba hakumwambia kaka yake ukweli mpaka kaka huyo alipoingia kaburini, na Baba Mkubwa, Mungu amrehemu, alizidi kuwauzia Wapilili vitenge mwaka hata mwaka.

Shamba lile sasa ni nyumba tu, mabati hadi barabarani, na watoto wa huko wanaitana kwa simu. Paskalina ni mwalimu, anasema kutwa nzima hadi jioni sauti inakauka. Bajaji ilitushusha mlangoni kwake Bagara, tukakuta sebule imejaa wanawake, harufu ya uji wenye pilipili manga, na mama mkwe wake akisimamia kila kitu. "Shikamoo, Baba," Paskalina akasema kutoka kwenye kitanda alichotandikiwa hapo sebuleni, kando ya meza, amevimba macho kwa furaha na usingizi. "Marahaba, mwanangu." Tukaletewa chai. Mtoto akawekwa kifuani kwa mama yake, mwekundu, amekunja uso, akituangalia sote kama anayejiuliza amefika wapi.

Baba alimtazama mtoto, akatutazama wenye sebule mmoja mmoja, kama anayepanga umri wetu. Kisha akasogea mbele ya kiti chake, akashika kijiko, akagonga meza mara mbili, polepole, na ubavu wa kikombe mara moja.

Wanawake wakageuka. "Mzee anataka sukari?" akauliza mama mkwe.

"Hapana, Mama. Namwamkia mgeni," akasema Baba. "Ndivyo wanavyofanya Wapilili."

"Wapilili wa wapi hao?"

"Kule upande wa Hanang, nyuma ya mlima," akasema Baba, uso mkavu kabisa. "Kaka yangu aliwauzia vitenge."

"Aa, hao," akasema mama mkwe.

Sikuthubutu kumtazama Paskalina, na yeye hakuthubutu kunitazama. Nilisikia tu kitanda kikitetemeka. Alipoweza kupumua alijiinua, akajinyoosha gauni, akakitoa kingumi cha mwanawe ndani ya kanga. Akakigusisha kwenye kikombe mara moja, kisha mezani mara mbili, taratibu, bila haraka yoyote, na Baba yangu na kanzu yake akainamisha kichwa kama kijana aliyeitikiwa na mkubwa wake.